Gladwell Ruguru na Maiki Isiyoshikwa Mkononi

Mnaomwona Gladwell Ruguru Njura leo akiwa amenyamaza, mwangalieni vizuri, kwa maana hamjawahi kumwona hivyo. Hata huu unyamavu ameupanga mwenyewe. Maiki iliyosimama kati ya jeneza lake na viti vya familia aliichagua yeye, akachagua stendi yake na upande itakaotazama, kisha akaacha agizo kwamba isitolewe pale na mkono wa mtu yeyote, uwe wa kanisa, wa ukoo au wa serikali. Tangu asubuhi baadhi yenu mmekuwa mkiuliza mbona haipitishwi kwa wageni kama ilivyo kawaida ya mazishi yetu, na sasa mnashangaa mbona dadake Lorna anausoma wasifu huu akiwa amepiga magoti. Majibu yote mawili yamo katika maisha yake. Familia inawaomba msikilize mpaka mwisho, ndipo mkasirike.

Ruguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 karibu na soko la Ishiara, binti wa kwanza wa marehemu Mzee Njura na Bi. Tabby, ambaye tunaye hapa na ambaye sote tunamwita Cucu. Jina Ruguru lilikuwa la nyanya yake mzaa baba, kama desturi inavyotaka. Babake alifuga mbuzi na kutundika mizinga ya nyuki. Akiwa bado hajaanza shule, Ruguru alibandika sikio kwenye mzinga mmoja ili asikie wanachosema waliomo ndani, akaumwa sikio likavimba. Kesho yake alirudi akabandika lile lingine. Mzee Njura alisema mtoto huyo ama ni mjinga ama hatatishwa na kitu duniani. Cucu alisema tungoje tuone. Cucu mwenyewe alikuwa na sauti ambayo wanawake wa Ishiara walikuwa wakiacha kazi kuisikiliza, akipepeta ndengu huku anaimba, lakini palipokuwa na mkutano au harambee sauti hiyo ilibaki jikoni pamoja na masufuria. Hakuna aliyemkataza kuzungumza. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa nafasi, na katika maisha yake yote hakupewa maiki hata siku moja.

Ruguru alianza shule ya msingi Ishiara mwaka 1979 na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986. Kutoka hapo alijiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Embu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990. Akiwa kidato cha pili alichaguliwa kukariri shairi mbele ya wazazi. Stendi ilikuwa imefungwa kwa kimo cha mgeni wa heshima, naye alikuwa mfupi, kwa hivyo maiki ikawa inatazama ukuta juu ya kichwa chake. Wenzake waliomtangulia walikuwa wamekariri hivyo hivyo na hawakusikika na mtu. Ruguru alifika pale, akailegeza skrubu ya stendi mbele ya umati mzima, akaishusha mpaka mdomoni pake, akaikaza, ndipo akaanza. Baadaye mwalimu wa zamu alimwita pembeni.

"Nani alikuambia uguse hiyo kitu?"

"Hakuna, mwalimu. Lakini pia hakuna alikuwa ameniambia nisiguse."

Alipewa adhabu ya kufyeka nyasi, akafyeka akiimba. Aliwaambia watoto wake mara nyingi kwamba siku ile aligundua jambo moja: stendi zote zina skrubu, na watu wengi hufa bila kuijaribu.

Mwaka 1992 alikwenda Nairobi kusomea ufundi wa sauti. Mkuu wa kozi alimtazama, akamshauri ahamie utangazaji, kwa kuwa wasichana wana sauti nzuri na kebo ni nzito. Ruguru alimjibu kwamba hakuja kusikika, alikuja kusikiza, na kwamba kuni za kwao Ishiara zilikuwa nzito kuliko kebo zake. Alihitimu mwaka 1994 na kuajiriwa katika studio iliyorekodi nyimbo za injili. Alifanya kazi hapo hadi mwaka 2001, kisha akarudi Embu katika kituo cha redio, na mwezi wa Februari 2006 akafungua studio yake Siakago, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kuta zake alizivika magunia na trei za mayai. Watu walicheka, wakasema Ruguru amejenga banda la kuku na kuliweka kufuli. Kisha wakasikia nyimbo zilizotoka humo, wakaanza kupanga foleni na kwaya zao.

Waliopita studio ile wanakumbuka sheria zake, na hata waliozichukia wanazikumbuka. Maiki haipulizwi. Haigongwi kwa kidole. Haibebwi kwa kebo kama panya aliyeshikwa mkia. Kila maiki ina tabia yake, na usipoijua tabia hiyo, usiiguse. Maiki ya mkononi, ile ya mikutano, aliiita mbuzi: inakula chochote, inalala popote, ikianguka inasimama. Ile kubwa ya studio, yenye tumbo la waya, aliiita kuku anayeatamia, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea kwa kelele. Ilining'inizwa ndani ya mipira iliyofungwa msalaba msalaba, mfano wa machela, ili mtikisiko wa sakafu usiifikie. Mbele yake paliwekwa kichungi alichokitengeneza kwa waya na soksi ndefu ya kike, cha kuzuia pumzi za wale wanaotamka "Baba" na "Petero" kama wanaozima mshumaa. Alikuwa pia na moja ya utepe, yenye karatasi ya bati ndani nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mchungaji mmoja mgeni aliipuliza mara moja tu kuona kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi mpaka alipoipuliza.

Umeme ukikatika aliweza kuzitofautisha gizani kwa uzito na kwa ubaridi wa chuma. Maiki bandia ilipoletwa ndani ya sanduku la kifahari, aliipima kwa kiganja, akairudisha kwa mwenyewe kabla hajaichomeka. Mfukoni hakukosa pete ndogo ya shaba inayowezesha stendi ya skrubu hii kupokea kishikio cha skrubu ile. Pete hiyo ikipotea kazi yote inalala, na mafundi wengi waliitafuta chini ya viti huku kwaya ikisubiri. Ruguru hakuitafuta hata siku moja. Alimfundisha kazi hii fundi Antony, aliyeandaa vyombo vya sauti vya leo, na Antony anasema kwamba mwaka mzima wa kwanza hakuruhusiwa kurekodi chochote. Alifundishwa kufungua, kufunga, kufuta vumbi na kunyamaza.

Ndoa ya Ruguru nayo ilianza kwa ugomvi wa maiki. Mwaka 1996 kikundi cha waimbaji kutoka Kangeta kilifika studio ya Nairobi, na mmoja wao, kijana mrefu aitwaye Mutwiri, akaingia chumbani, akaing'oa maiki kubwa kwenye machela yake na kuishika mkononi kama anayehubiri sokoni.

"Rudisha," Ruguru akamwambia.

"Nirudishe nini?"

"Maiki. Rudisha kwa kitanda yake. Hulala hapo ndio isisikie ukikanyaga chini."

"Lakini mimi huimba nikiwa nimeshika."

"Basi shika mfuko yako."

Mutwiri alirudisha, akashika mfuko wake, akaimba ubeti mzima akiwa ameielekeza midomo kwenye ncha ya juu ya maiki. Alipochezewa alichoimba, aliuliza ni nani huyo anaimba nyumba ya jirani. Ruguru alimweleza kwamba maiki ya aina ile husikia kwa ubavu mmoja tu, ule wenye alama. Ukiiimbia juu inakusikia kwa mbali, na ukiiimbia mgongo haikusikii kabisa. Akamshika mabega yote mawili na kumgeuza mpaka akatazamana na upande unaosikia. Mutwiri aliwaambia watu siku ya arusi kwamba mwanamke huyu alimgeuza mara moja na hajawahi kugeuka tena. Walifunga ndoa kanisani Siakago tarehe 12 Desemba 1998, na Mungu akawajalia watoto wawili, Karimi mwaka 2000 na Mutembei mwaka 2004. Baadhi ya ndugu upande wa Kangeta walinung'unika kwamba kijana wao ameolewa huku Mbeere badala ya kuoa. Mutwiri alicheka, akanunua shamba hili mlilokalia, akapanda maembe na kuwaalika waje wale.

Mutwiri aliaga dunia tarehe 2 Novemba 2017, na siku ya mazishi yake, papa hapa, ndiyo iliyoleta haya mnayoyaona leo. Mshereheshaji alikuwa Gedion, mdogo wake Mutwiri, ambaye wengi mnamjua kwa kazi hiyo na ambaye amekubali jina lake litajwe. Gedion alifuata kawaida. Maiki ya mkononi ilikwenda kwenye hema la waheshimiwa. Mmoja akazungumzia barabara, mwingine akamjibu wa kwanza, wa tatu akaeleza jinsi alivyokuwa rafiki mkubwa wa marehemu na kumwita Mutuma mara mbili. Mama mzazi wa Mutwiri, Bibi Karimi, ambaye mjukuu wake amebeba jina lake, alikuwa ametoka Kangeta alfajiri akiwa na maneno ya kumwambia mwanawe kabla hajafunikwa. Alikaa akingoja. Maiki ilipofika mikononi mwake betri ilikuwa imekwisha na mvua imeanza kupiga turubai. Aliongea hivyo hivyo. Watu waliona midomo ikienda. Ruguru alikuwa viti viwili kutoka kwake na hakuambulia neno, yeye ambaye alikuwa amerekodi nusu ya waimbaji wa Meru na Embu.

Jioni alimwomba mama mkwe ayarudie maneno yale ili ayatunze. Mama yule alikataa bila hasira.

"Nimeshasema, mwari. Maneno ya kaburini hayarudiwi nyumbani."

Mwaka uliofuata alifariki, na mpaka leo hakuna ajuaye mama alimwambia nini mwanawe. Ruguru hakusamehe jambo hilo. Familia inalisema wazi, hapa penye viongozi wa kanisa, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi: alisamehe watu, hakusamehe jambo.

Tangu siku ile hakukodisha vyombo vyake kwa mazishi yoyote bila sharti. Familia iongee kwanza, na mzazi kabla ya wote, la sivyo mtafute mwingine. Wengi walitafuta mwingine. Kamati moja ilimtumia mzee wa kumshawishi, naye akamkumbusha kwamba sikio halipiti kichwa. Ruguru alimjibu kwamba sikio halina haja ya kukipita kichwa, linataka tu kichwa kinyamaze kidogo. Mzee alirudi na jibu hilo kwa kamati. Wanaosema alikuwa mkaidi wamesema kweli, na familia haina nia ya kuwapinga. Angekuwa mpole, yule mama wa Kangeta angekuwa amesahauliwa kufikia sasa.

Ugonjwa ulimwanza mapema mwaka 2023 kwa chakula kukwama. Vipimo vilionyesha kansa ya koo. Alitibiwa Embu na baadaye Nairobi, na madaktari na wauguzi walijitahidi, nasi tunawashukuru. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. Wageni waliingia chumbani wakiinamisha vichwa, wakimhurumia kwamba fundi wa sauti amepoteza sauti. Aliwavumilia kwa muda mfupi, kisha akamwagiza Antony alete ile maiki kubwa na machela yake, aifunge kwenye stendi ya mkono mrefu juu ya mto wake, na spika iwekwe jikoni. Kuanzia hapo mnong'ono wake ulijaa nyumba nzima. Lorna akiwa jikoni na mlango umefungwa aliambiwa kwamba chai inamwagika. Mutembei aliambiwa azime redio. Siku moja mchungaji aliomba sala ndefu kidogo, na "Amina" ikasikika kutoka jikoni kabla hajamaliza.

Mwezi wa Aprili mwaka huu alimwita Gedion. Gedion alikuja akidhani ameitwa kuagwa, akiwa na leso mkononi. Alikuta kiti cha Cucu kimewekwa katikati ya chumba na maiki imesimamishwa mbele yake.

"Shemeji, simama nyuma ya hiyo maiki," Ruguru akanong'ona. "Sasa ongea kama umeona mheshimiwa."

Gedion ni mtu wa kazi. Alikohoa, akawakaribisha watu wote kwa itifaki zote. Spika ya jikoni ilikaa kimya.

"Imezimwa?"

"Haijazimwa. Kaa kwa kiti ya Cucu."

Gedion aliketi. Kabla hajafungua mdomo, pumzi zake zikasikika jikoni, na Lorna akauliza kwa sauti ni nani huyo anahema.

"Hivyo ndio nataka siku yangu," Ruguru akasema. "Maiki iangalie mama yangu. Urefu wake ukiwa ameketi, si wa mtu mwingine. Spika na hema ya wageni zikae upande wa mgongo, ndio isipige mluzi."

"Mama Karimi," Gedion akamwuliza, "sasa mheshimiwa ataongelea wapi?"

"Ataketi. Huko nyuma kuna kivuli mzuri."

"Watu watasema umewaaibisha."

"Waseme. Lakini waseme bila maiki."

Gedion alibishana naye. Alisema wageni hutoa mchango, alisema ukoo utamlaumu yeye, alisema mazishi bila hotuba yataonekana ya kimaskini. Ruguru alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa kusikiliza ilikuwa kazi yake. Kisha akamwuliza swali moja tu, kama anakumbuka mama yake alisema nini siku ile ya mvua. Waliokuwa jikoni walisikia kiti kikilia na mtu mzima akilia. Maiki ile haifichi kitu.

Gladwell Ruguru alilala katika Bwana nyumbani kwake Siakago, Jumapili tarehe 18 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Karimi, Mutembei na Cucu walikuwa kando yake. Karimi ndiye aliyeizima maiki, kisha akaifuta vumbi na kuirudisha sandukuni pamoja na mfuko wake wa mchele mkavu wa kunyonya unyevu, kama alivyofundishwa. Alifanya hayo kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, na mama yake angemgombeza kama angefanya vinginevyo.

Wiki hii ujumbe ulifika kwamba waheshimiwa watakuja na wangependa nafasi ya kusalimia watu. Kamati ya mazishi iliyumba, na wazee wawili walipendekeza tuwe na maiki ya pili pembeni. Aliyekataa ni Gedion. Alichukua simu mwenyewe, akawaambia wanakaribishwa kwa moyo wote, viti vipo, chakula kipo, na maiki ya huku haina mkono. Waheshimiwa, tunawashukuru kwa kuja na kwa kuketi. Antony ameikaza skrubu kwa spana, na spana ameenda nayo.

Marehemu alikuwa mke wa marehemu Mutwiri. Alikuwa mama mpendwa wa Karimi na Mutembei, binti wa marehemu Mzee Njura na Bi. Tabby, dada ya Lorna na Gichovi, shemeji ya Gedion, na mwalimu wa fundi Antony. Ameacha pia waimbaji wa Ishiara, Siakago, Kangeta na kwingineko, ambao kwa ajili yake wanajua kusimama mbele ya maiki na kushika mifuko yao.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ruguru apumzike kwa amani katika ardhi hii, karibu na Mutwiri wake, na mtu asimpulizie wala kumgongea.

Lorna sasa atainuka kutoka magotini, kwa kuwa stendi hii haikupimwa kwa ajili yake. Tunaomba mtulie, hata watoto walio nyuma. Cucu, inakutazama wewe. Mwambie mtoto wako.